Chumvi ya Ukutani

Ilikuwa siku ya nne bibi hali kitu. Alilala chumbani, nyumbani kwetu Unyambwa, na kila bakuli lililoletwa alilisukuma kwa kidole. Asubuhi ile akamwambia mama anataka mlenda uliopikwa kwa chumvi ya ziwani. Mama akaruka kama aliyetajiwa dawa. "Naifuata sasa hivi."

Tukaenda wawili. Njiani mama alinieleza kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kiangazi, kabla jua halijachomoza, wanawake waliteremka ufukweni wakakwangua weupe uliopanda juu ya udongo kwa kipande cha kibuyu. Nyumbani waliuchuja kwa maji, na maji yale ndiyo yaliyopikiwa mlenda. Lakini kwanza waliuonja. Udongo usiouma ulimi waliuacha.

Miaka hiyo ya soko huria ufukwe ulikuwa umepata mwekezaji. Tulikuta seng'enge, miavuli yenye matangazo ya soda, vijia vya zege, na ukuta mrefu uliochorwa wanawake wenye mitungi kichwani. Mama akasimama mbele yao.

"Hawa wanakwenda wapi na mitungi?"

"Shikamoo mama," mlinzi alisema. "Wamechota maji. Hiyo ndiyo historia ya hapa."

"Marahaba. Maji haya ya chumvi? Aliyanywa nani?" Mama alicheka kidogo. "Aliyechora hakuyaonja."

Hakuna aliyeingia bila kununua kinywaji, kwa hiyo tulinunua soda moja. Mama hakuinywa. Aliinama kando ya kijia, akachota udongo kwa ncha ya kidole, akautia mdomoni.

"Ah, mama!" mlinzi alitania. "Umri huo bado una mimba?"

"Ninayo, ya baba yako. Kaa kimya."

Mlinzi alicheka mpaka akashika seng'enge. Kisha akasema kwa upole, "Huo umeletwa na malori, mama. Wameumwaga pote, mpaka kwenye maji."

Mama alitema. Alionja mahali pengine, akatema. Pengine tena, akatema. Ndege heroe walikuwa ng'ambo ya ziwa, mbali na muziki wa spika. Nilitaka kumwambia twende nyumbani, nikashindwa kwa jinsi alivyokuwa akitazama chini.

Ndipo akauona. Kwenye miguu ya wanawake wa ukutani rangi ilikuwa imebambuka, na weupe ulikuwa ukitoka ndani ya saruji. Akaugusa kwa ulimi.

"Unauma," alisema, macho yamejaa machozi.

Akaukwangua kwa kizibo cha soda, pamoja na vipande vya rangi ya buluu, akaufunga kwenye pindo la khanga. Mlinzi aligeukia barabarani.

Jioni mlenda uliiva. Bibi alifungua mdomo mwenyewe, na mama akamlisha kijiko kimoja. Bibi aliuweka ulimini muda mrefu, kisha akauacha urudi kijikoni.

"Chumvi mmeitoa wapi?"

"Ziwani, mama."

"Ziwa lipi?"

Mama alifuta kijiko kwa pindo la khanga. Bibi akageuza uso.

Jikoni nilionja uliobaki. Kwangu ulikuwa mtamu, maana sikuwa na mwingine wa kuulinganisha nao. Nikaumaliza, nikaona aibu.

Kesho yake mama alipeleka uji. Bibi hakulisukuma bakuli. Kidole kilibaki juu ya blanketi, pale pale kilipokuwa, kimepoa.