Mama Alivyovuka Bwawa la Bahari

Mama yangu alikuwa dobi wa hospitali, na mpaka nafikisha miaka tisa sikuwahi kumwona amelala. Alikula kasimama, kaegemea mlango wa jikoni. Alitusuka kasimama, akatufokea kasimama. Usiku tulilala tukimwacha anapiga pasi, asubuhi tukaamka tukamkuta anachemsha maji, hata mdogo wangu wa kiume akaamini kuwa mama analala wima kama punda. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na nyumbani alikuja kama mgeni.

Watu wakikumbuka utoto wao wa baharini hujisifu jinsi walivyoogelea wao. Mimi najisifu kwa mama. Atakayechukia na achukie.

Bwawa lenyewe lilikuwa chini ya barabara ya ufukweni, limezungushiwa ukuta wa mawe na saruji uliojengwa ndani ya bahari. Maji yakijaa, mawimbi yalipanda ukuta na kulijaza. Yakipwa, bahari ilirudi zake na kuacha bwawa limetulia, lina kaa na visamaki vilivyochelewa kuondoka. Upande wa nchi kavu kulikuwa na ngazi, na juu ya ngazi alikaa mlinzi tuliyemwita Filimbi, kwa kuwa aliipuliza filimbi yake zaidi kuliko alivyofungua mdomo kusema.

Mwaka ule nilipofikisha miaka tisa, mtoto mmoja alinusurika kuzama. Watu wazima walijipanga ukutani wakipiga mayowe, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Filimbi ndiye aliyejitosa, na viatu vyake miguuni. Kesho yake akatangaza sheria: mtoto haingii majini mpaka awe na mzazi wake pale, na mzazi mwenyewe awe ameshavuka bwawa, kutoka ngazini mpaka ukuta wa mbele, upande wa bahari.

Kwetu ilikuwa sawa na kufungiwa bahari, tena likizo ndiyo kwanza imeanza. Mimi na mdogo wangu tulikaa ukutani miguu ikining'inia, tukiwatazama watoto wa fundi boti, ambaye alikuwa ameshavuka, wakipiga mbizi, tukimeza mate. Mdogo wangu alirudi nyumbani analia kila siku. Mama alivumilia, kisha jioni moja akaitua pasi kwa kishindo.

"Basi! Filimbi anataka mtu wa kuvuka? Nitavuka mimi."

Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, alicheka mpaka akashika mbavu. "Wifi, wewe umezoea maji ya beseni. Yale hayana sabuni."

"Afadhali. Hayataniwasha macho."

Yalimwasha kuliko sabuni yoyote. Jumapili aliingia bwawani na gauni lake kuukuu la kazini, maji yamekupwa, yanamfika kifuani. Mikono ikaanza kuchota maji kwa fahari, na mama akasonga mbele vizuri ajabu. Tulikuwa tumeshaanza kupiga makofi filimbi ilipolia.

"Mama, simama hapo! Huo mguu wa kulia unafanya nini huko chini?"

"Unapumzika," akajibu mama.

"Unatembea! Hongera kwa matembezi. Njoo maji yakijaa."

Bwawa zima lilicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama alitoka, gauni likichuruzika, akapita katikati ya vicheko vyao bila kuinamisha kichwa.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alimwambia shangazi pale nyumbani.

"Lakini wifi, wewe hata nguo hujavua!"

Tangu siku hiyo, akitoka kazini alipitia bwawani. Filimbi alimfundisha kwa kununa, lakini alimfundisha. Mama aliyapiga maji kama shuka za wodini, mpaka Filimbi akaingiwa na huruma.

"Mama, maji hayana madoa. Acha kuyafikicha. Kwanza lala chali. Anayejua kulala juu ya maji hazami ovyo."

Mama akalala, akazama. Akalala tena, akazama tena. Shingo iligoma kabisa, kila mara ilijiinua kututafuta.

"Tazama mbinguni!" Filimbi akafoka.

"Mbinguni nina nini, kaka? Wanangu wako ukutani."

"Hawaendi popote. Lala!"

"Saa hizi? Wanaolala saa hizi ni wagonjwa."

Watu walicheka, na mimi nilicheka nao, kisha nikaacha. Nilikuwa nimedhani mama anaogopa maji. Mama hakuogopa maji hata kidogo. Alichokuwa hajui ni kupumzika, maana hakuna aliyewahi kumwambia kaa, mimi nipo. Nikasimama pale ukutani na kumwita.

"Mama! Nimemshika mdogo wangu mkono. Simwachii. Wewe lala."

Alinitazama, akatazama mikono yetu iliyoshikana. Kisha akalegeza shingo, masikio yakaingia majini, na mama yangu akaelea. Gauni lilijaa hewa tumboni, miguu ikapanda juu yenyewe, na uso wake ukawa uso ambao sikuwahi kuuona, wa msichana fulani aliyekuwepo kabla yetu. Nilimbana mdogo wangu mkono mpaka akalalamika. Kuanzia jioni ile mafunzo yalikwenda mbio, kwa sababu mtu asiyeogopa kuchoka hujifunza upesi.

Siku ya kuvuka, maji yakiwa yamejaa, mtaa mzima ulikuja, wengine kumwombea, wengi kucheka. Mawimbi yalikuwa yakiruka ukuta wa mbele na kuanguka bwawani kwa kelele. Mama alishuka ngazi, akapiga moyo konde, akajiachia. Safari hii hapakuwa na mguu wa kutembea, maana chini kulikuwa mbali. Alikwenda vizuri mpaka katikati, wimbi likaja likamfunika, na tukabaki tunaona gauni tu.

"Jamani, wifi yangu!" shangazi akapiga ukelele.

Filimbi alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Ndipo gauni likageuka, na mama akaibuka chali, anatema maji, macho juu. Akalala pale pale, akaliacha wimbi la pili limnyanyue na kumshusha, akavuta pumzi zake bila haraka. Hakututafuta. Alijua tupo. Kisha akajigeuza, akaenda moja kwa moja, na kiganja chake kikaupiga ukuta wa mbele.

Sijasikia tena kelele kama zile. Walioshangilia kwa nguvu zaidi ni wale wale waliokuja kucheka, na shangazi alikuwa akimwambia kila aliye karibu, "Huyo ni wifi yangu, huyo!" Filimbi alipuliza mpaka mashavu yakamvimba, kisha akaonyesha njia ya juu ya ukuta.

"Mama, umeshinda! Panda, rudi kwa miguu!"

Mama alitikisa kichwa. "Wanangu wako upande huo."

"Sheria inasema mara moja!"

Aliusukuma ukuta kwa miguu yote miwili, akaanza kurudi kulekule alikotoka. Alipofika ngazini hakutoka majini. Alifuta chumvi machoni, akatunyooshea mikono.

"Haya," alisema, "rukeni."

Tukaruka.