Vijiti Viwili Kwenye Mstari wa Barabara

Leo nimeulizwa swali la kupima, nami mpimaji nimekosa jibu.

Mnajua kilichonileta Garsen: barabara fupi ya kuunganisha ile ya Malindi na ile ya Lamu. Ukiita mwanzoni mwake, utasikika mwishoni mwake.

Wiki iliyopita niling'oa vijiti viwili vilivyosimama kwenye mstari wangu. Nilividhania vigingi vya wapimaji waliotangulia, wa kabla ya mafuriko yaliyopita hapa.

Sikuviandika daftarini. (Mimi, ninayeandika hata kichuguu.)

Asubuhi hii alifika Mama Hawo, mfugaji wa Kiorma. Akatazama ardhi huku na huku.

"Fundi, hapa ilikuwa miti mbili. Moja kichwani, moja miguuni. Nani ametoa?"

Nikakiri kuwa ni mimi.

"Mtoto yangu tulizika hapa, maji ilipopungua. Nionyeshe ni wapi."

Nikamuuliza msaidizi wangu, Komora, alikoviweka vile vijiti. Akainamisha kichwa.

"Tulichemshia chai, mzee."

Nilimwomba mama radhi. Nikamwahidi kwamba barabara nitaisogeza.

"Utasogeza kwenda wapi," akauliza taratibu, "na hujui yeye iko wapi?"

Ninyi mngemjibu nini? Nawauliza kwa dhati.

Nilinyoosha mnyororo wa kupimia kwa sababu alikuwa akinitazama, lakini sikuwa na pa kuanzia.

Kisha akavua ndala zake, akazishika mkononi, akabaki pale pale aliposimama. Aliogopa kupiga hatua.