Kivinjari cha Disketi Moja

Katika ofisi ya Idriss kule Moroni walimcheka Tayeb kwa tabia moja: alikuwa akipima vivinjari kwa saa ya mkononi. Kila ilipofika programu mpya ya kufungulia kurasa za mtandao, alikaa mbele ya kompyuta, akabonyeza mara mbili, kisha akaukodolea macho mshale wa sekunde mpaka dirisha lifunguke. Matokeo aliyaandika kwa penseli ukutani, nyuma ya mlango, mahali ambapo Idriss hakuwa na desturi ya kutazama.

Tayeb alikuwa mtu wa Ndzuani, kisiwa jirani cha Komori, mzaliwa wa Mutsamudu, fundi wa redio aliyejifunza kompyuta kwa kusoma vijitabu vya Kifaransa peke yake. Miaka kumi na moja alikuwa ameishi Moroni, mtaa wa Badjanani, nyumbani kwa mkewe Hadjira, kwa kuwa kule nyumba ni ya mwanamke na mume ndiye anayehamia. Walikuwa na binti mmoja, Imane, wa miaka minane. Chumba cha chini aliishi mama yake Hadjira, Bibi Maanrifa, aliyesomesha Kurani nusu ya watoto wa mtaa.

Mtandao ulipoingia visiwani, Idriss, aliyekuwa akiuza mafuta ya maua ya ilangilangi huko Ulaya, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuvuta laini. Kivinjari chao cha kwanza kilikuwa chepesi. Toleo lililofuata likaja na sanduku la barua. Baada yake likaja lenye mtambo wa kutengenezea kurasa, ambao hakuna mtu ofisini aliyewahi kuugusa, na mashine ikaanza kukoroma. Tayeb akakitoa, akaweka kingine cha bure. Hicho nacho kikaota mizizi kila pembe ya kompyuta, hata kukifunga tu ikawa kazi. Mwishowe akapata kitu kidogo kilichotengenezwa Norway, kilichoenea kwenye disketi moja na nafasi ikabaki. Kilifunguka kwa sekunde kumi na nne. Picha ulizizima kwa kitufe kimoja, ukabaki na maneno.

"Fundi, hivi vitu unavibadilisha kama kanzu," Saoudat, karani wa ofisi, alimwambia.

"Kanzu ikikubana utaivaa ya nini?"

Alimfungulia Saoudat sanduku lake la barua, akamwonyesha namna ya kutoa programu moja na kuweka nyingine bila kumwita mtu. Idriss hakufurahi. Yeye alitaka toleo jipya kabisa la kile kinene, lililokuja kwa CD kutoka Marseille, kwa sababu wateja wake walikuwa nalo.

Hayo ndiyo yaliyokuwa matata ya Tayeb mpaka Aprili ya mwaka 1999. Ndzuani ilikuwa imetangaza kujitenga na Komori tangu miaka miwili nyuma. Mwezi ule mazungumzo ya Antananarivo ya kurudisha umoja yalikwama, wajumbe wa Ndzuani hawakutia saini, na Moroni ikachemka. Vijana wakaingia mitaani na mawe na fimbo, wakiwatafuta watu wa Ndzuani dukani, sokoni, majumbani.

Bibi Maanrifa hakuuliza ushauri wa mtu. Alichana kitambaa, akamfunga mkwewe kuanzia kidevuni hadi utosini kama mtu anayeumwa jino, akamshika mkono.

"Usifungue mdomo," alimwambia. "Sura yako haina neno. Ulimi wako ndio utakaokuua."

Wakatoka kuelekea bandarini, Hadjira akibaki mlangoni na Imane. Hawakupewa hata nafasi ya kuagana. Kwenye kichochoro cha msikiti wa Ijumaa wa zamani vijana wanne waliwazibia njia.

"Bibi, huyu nani?"

"Mkwe wangu. Anakwenda kung'olewa jino."

"Aseme mwenyewe. Aseme jina la baba yake."

Watu wa visiwa hivi viwili hujuana kwa neno la kwanza tu. Miaka kumi na moja ya Moroni haikuwa imemwondolea sauti ya Mutsamudu. Tayeb akatoa mguno. Bibi Maanrifa alimsogelea yule kijana mpaka akamfikia kifuani.

"Nimekufundisha alif mimi, kwa mkono huu. Leo unaniuliza kwa jiwe?"

Kijana akatazama chini. Wenzake hawakuhama, lakini waliacha upenyo wa bega moja, nao wakapita humo.

Bandarini watu walikuwa wamesongamana na mafurushi. Tayeb alipokwisha panda chombo cha kwenda Ndzuani, mtu mmoja aliyekuja mbio alisema kuna nyumba Badjanani imevunjwa milango, ile yenye ngazi ya mawe kando ya msikiti. Nyumba zenye ngazi ya mawe pale zilikuwa tatu. Moja ilikuwa ya Hadjira. Chombo kikang'oa nanga.

Mutsamudu alifikia kwa dada yake, Bahiat, akiwa na shati alilovaa na saa yake ya mkononi. Asubuhi ya pili alikwenda kwa Mzee Sounhadj, mfanyabiashara wa karafuu, ambaye ofisi yake ndani ya mji wa mawe ilikuwa na simu na kompyuta moja kuukuu. Mzee alimruhusu apige simu. Nyumbani kwa Hadjira hapakuwa na simu, kwa hiyo Tayeb alipiga ofisini Moroni.

"Usipige hapa," Idriss alisema kwa sauti ya chini. "Watu wamesimama hapa hapa." Akakata.

Ikabaki barua ya mtandao. Tayeb aliweza kumwandikia Saoudat, na Saoudat angeweza kufika Badjanani kwa miguu. Lakini kompyuta ya Sounhadj ilikuwa na kivinjari kile kile kinene alichokitoa Moroni, kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo mno. Tayeb alikipima: dakika kumi na moja kufunguka, na diski ikisaga kama kinu. Laini ya simu nayo haikudumu zaidi ya dakika sita au saba kabla ya kukatika; akitangulia kufungua kivinjari na kupiga baadaye, ukurasa wa barua ulianza kushuka picha kwa picha, na kabla ya mahali pa kuandika kutokea, laini ilikufa. Siku nne alijaribu. Kila alasiri alirudi kwa Bahiat bila neno, na Bahiat akaacha kumuuliza.

Siku ya tano akakumbuka kwamba mwaka uliopita, alipokuja likizo, alimwachia nakala ya disketi rafiki yake Karim, muuza dawa wa Mirontsy. Mirontsy ni pua na mdomo na Mutsamudu, lakini siku hizo kati ya miji hiyo kulikuwa na kizuizi cha watu wenye bunduki, na waliokuwa upande mmoja hawakuwaamini wa upande wa pili. Alikwenda asubuhi. Kompyuta ya Karim ilikuwa imekufa zamani, ila disketi ilikuwa kwenye droo, chini ya mabomba ya sindano. Wakati wa kurudi, mkuu wa kizuizi, jina lake Mikidache, aliitoa mfukoni mwa Tayeb.

"Nini hii?"

"Programu. Ya kusomea kurasa."

"Ya Moroni?"

"Ya Norway."

Mikidache aliigeuza, akaitikisa sikioni kama yai. "Wewe ndiye uliyeoa Moroni," alisema. Haikuwa swali. Akamrudishia.

Alasiri ile kivinjari kidogo kilifunguka kwenye mashine ya Sounhadj kwa sekunde ishirini na tatu. Tayeb akazima picha, akapiga laini, akaandika mstari mmoja: *Saoudat, Hadjira na Imane na mama, wote wako hai?* Ukaenda. Akazima modemu.

Jibu halikuja siku ya kwanza, wala ya tatu, wala ya saba. Habari zilizofika zilikuwa za jeshi kutwaa madaraka Moroni. Tayeb hakula ila alipolazimishwa. Kila alasiri alifungua, akaona sanduku tupu, akafunga. Siku ya tisa barua ilikuwepo, kwa Kifaransa cha ofisini kilichochanganywa na maneno ya nyumbani.

*Fundi, samahani. Wote wazima. Nyumba imevunjwa milango yote miwili na bibi ameumia mkono, wamehamia kwa shangazi kule Itsandra. Nilichelewa kwa sababu bosi aliweka ile kubwa mpya ulipoondoka. Imenenepa mno, ilikuwa inasimama kila nikiigusa. Leo hayupo, nimeitoa, nimerudisha ndogo. Tuendelee na ndogo. Kubwa usiiamini.*

Tayeb aliweka paji la uso juu ya meza akalia bila sauti. Alipoinua kichwa, Mikidache alikuwa amesimama nyuma yake na watu wawili.

"Soma kwa sauti," alisema.

Alisoma. Mikidache alimfanya arudie mistari ya mwisho, kisha akainakili mwenyewe kwenye karatasi. "Kubwa imetolewa, ndogo imerudishwa," alisema polepole. "Na bosi hayupo. Moroni jeshi limepindua, na wewe unaletewa maneno haya."

Walimfungia kwenye ghala la karafuu karibu na bandari, siku mbili. Hawakumpiga. Walimuuliza swali moja kwa njia nyingi: kubwa ni nini? Ni meli? Ni bunduki? Kila aliposema ni kivinjari, walitazamana. Kule Moroni alikuwa mtu wa Ndzuani. Hapa, mjini kwao, umbali wa kutupa jiwe kutoka kaburi la mama yake, alikuwa mtu wa Moroni. Siku ya pili, kabla ya usiku kuingia, Bahiat alikuja na chakula, akarudishwa nacho.

Asubuhi ya tatu Tayeb alisema, "Nipelekeni kwenye ile mashine. Nitawaonyesha kubwa."

Mikidache alifikiri, akakubali. Ofisini Mzee Sounhadj alisimama kando ya dirisha, tasbihi mkononi. Tayeb alivua saa yake akampa Mikidache.

"Hesabu wewe."

Akabonyeza kivinjari kinene. Diski ikaanza kusaga. Dakika ya kwanza ikapita, kioo cheupe. Dakika ya tatu mmoja wa walinzi aliketi chini. Tayeb aliutazama mkono wa Mikidache ulioshika saa, na akawaza kwamba mashine hii, iliyomchelewesha siku nne nzima, ikiamua leo tu kwenda mbio, amekwisha. Dakika ya sita taa ilififia, kila mtu akaitazama dari, kisha ikarudi. Umeme ungekatika pale, asingepewa nafasi ya pili. Dakika ya tisa Mikidache alipiga hatua mpaka mezani, akakigonga kioo kwa kidole.

"Imekufa?"

"Haijafa. Ndivyo ilivyo."

Dakika ya kumi na moja na nusu dirisha lilifunguka, limejaa vitufe toka upande huu hadi ule.

"Hiyo ndiyo kubwa," Tayeb alisema. Akaifunga, akafungua nyingine. "Na hii ndogo."

Mikidache aliangalia saa, akaangalia kioo, akaangalia tena saa. "Nusu dakika haijafika," alisema. "Sasa kwa nini wanaitengeneza ile?"

"Hata mimi najiuliza, bwana."

Sounhadj alikohoa, na kikohozi kile kilifanana sana na kicheko. Mikidache hakucheka. Aliikunja karatasi yake, akaweka saa mezani, na mlangoni akageuka. "Andika mambo ya nyumbani tu. Na kila barua nitaisoma." Alizisoma kweli, miezi mingi, akija alasiri na kusimama nyuma ya kiti, mpaka akawa anajua jino gani la Imane limeng'oka.

Barua zilikwenda na kurudi hadi Februari ya mwaka uliofuata, vikwazo vya nchi za Afrika dhidi ya Ndzuani vilipokazwa na simu za kisiwa zikatangazwa kukatwa. Alasiri ya mwisho Tayeb aliandika akimsihi Hadjira amlete mtoto Mutsamudu kabla ya njia kufungwa. Hadjira alijibu mwenyewe, kwa vidole vyake, bila Saoudat, na makosa mengi: *Sihami. Nyumba ya mama yangu siwezi kuiacha bila milango. Nikiisha kuitia milango nitakuita. Usije kabla.* Tayeb alianza kujibu, na laini ikakatika katikati ya neno. Haikurudi.

Alirudi Moroni Machi mwaka 2001, mapatano ya Fomboni ya kuunganisha tena visiwa yalipokuwa yametiwa saini. Milango ilikuwa mipya, bado inanuka mbao. Imane alikuwa amerefuka na akamwonea haya, akamsalimia kwa kumbusu mkono kama mgeni. Tayeb alivua viatu, akageukia chumba cha chini kama alivyozoea, akabisha hodi.

"Mama alifariki mwezi wa kumi," Hadjira alisema nyuma yake. "Ule mkono haukupona vizuri, kisha homa. Ningekuandikia wapi?"

Wakaketi kwenye ngazi, wote watatu. Muda mrefu hakuna aliyenyanyuka.

Jumatatu Idriss alimpokea kwa maneno mengi na hakugusia ile simu. Saoudat alimvutia kiti. Kile kivinjari kidogo alikuwa amekiwekea toleo jipya mwaka huo; nacho sasa kilikuwa na sanduku la barua ndani yake, na disketi moja haikukitosha. Tayeb alibonyeza, akatazama saa, akasubiri.

"Nacho kimeanza kunenepa," alisema.

"Nikitoe?"

"Kitoe."

"Tuweke kipi?"

"Sijui bado," Tayeb alisema, akavuta kiti karibu. "Hebu tutafute."