Kipande cha Ukuta cha Mzee Okelo

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kama hamjawahi kunusa udongo mbichi uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, basi hamjui harufu ya shule yangu. Kule kwetu karibu na Magunga, kila mwaka kabla ya mvua kubwa, wanawake na wasichana tulikandika madarasa. Kila boma lilikuwa na kipande chake cha ukuta. Chetu kilikuwa kando ya dirisha, na nikiwa darasani niliziona alama za vidole vyangu nikajisikia mtu.

Kipande cha pembeni kilikuwa cha Mzee Okelo, mwenye ng'ombe wengi, ambaye hata chifu alimsikiliza. Mwaka huo aliwahamishia watoto wake shule ya bweni ya kulipia. Siku ya kukandika, mkewe alikuja na mikono safi, kutusalimia tu.

"Wangu hawako humu tena," akasema. "Nimkandikie nani?"

Mama yangu hakuinua kichwa. "Haya, Mama Atieno. Ng'ombe wenu wameshatoa mchango wao, hao hawajahama."

Tulicheka sana, lakini kipande kile kilibaki na nyufa zake. Boma la pili nalo likauliza kwa nini lijichoshe. Mvua ikaingilia pale pembeni, ukuta ukalala chini, na hakukuwa na mtu wa kumsumbua chifu. Darasa letu la tatu likafungwa. Wavulana wakavuka mto kusoma ng'ambo. Baba akasema mto si wa wasichana, na masomo yangu yakaishia hapo.

Siku hizi kwenye kila matanga wanasiasa wanabishana. Huyu anataka serikali impe kila mzazi hati ya kulipia karo achague shule, hata akademia za watu binafsi. Yule anataka pesa zote ziende shule za umma. Mwanangu Ouma anangojea hiyo hati kwa hamu.

"Mama, binti yangu Achieng' anabanana na wenzake dawati moja. Ateseke kwa sababu ya ukuta wa zamani?"

Ni kweli, dawati hilo nimeliona. Kuta za sasa ni za mawe, hazikandikwi. Lakini anayeondoka kwanza bado ni yule mwenye sauti.

Jioni niliwaambia wote wa nyumbani kwangu: Achieng' atabaki shule ya hapa. Na wewe Ouma, mkutano wa wazazi ukiitwa, utakaa kiti cha mbele. Usirudi kwangu kabla hujauliza madawati yako wapi.