Baba Mkwe Anaumwa, na Anaamini Mimi Ndiye Niliyemfanya Awadanganye Waumini

Jina langu liacheni, maana Kyela ni padogo na midomo ni mingi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mama wa watoto wawili. Nimeolewa na Mnyakyusa mwenzangu wa Ikolo, na mpaka mwaka jana tulikuwa na duka la kompyuta za mtumba pale Mbugani. Leo naandika nikiwa kwa wazazi wangu, sina duka, na watoto wamebaki kwa mume.

Tulipofungua lile duka, kila mtu alikuwa anaitaka kompyuta. Hata mkulima wa kakao alitaka mwanawe asije akashangaa mashine akifika sekondari. Mashine zilitufikia tupu kutoka Dar, hazina mfumo wa kuziendesha. Mafundi wengine walikuwa wanapachika nakala ya wizi ya ule mfumo wa kulipia ambao watu wameuzoea, muda si mrefu virusi vimejaa, mteja anarudi analalamika. Mimi nilisoma kozi Mbeya nikajifunza Linux, mfumo huria, ambao unapewa bure na kihalali, na virusi haviusumbui. Nikauweka kwenye mashine zetu zote. Nilijivunia, sifichi.

Na mteja sikumficha kitu. Kila aliyeingia dukani nilimkalisha nikamwonyesha kwamba sura yake ni tofauti na aliyoizoea, kwamba CD za kwaya hazionyeshi mpaka niongeze programu nyingine, na kwamba kazi iliyochapwa kwenye mashine ya mtu mwingine inaweza kufunguka imevurugika. Mzee mmoja wa Kiislamu, mwenye duka la vitambaa, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwanangu, afadhali umenambia mapema. Mie nataka kuchapa barua za mzigo tu, nifungie hiyohiyo." Mpaka naondoka mjini alikuwa anaitumia.

Balaa lilianzia Ikolo. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye akisema jambo watu hawaulizi mara mbili. Akataka kutusaidia kupata wateja kule kwake. Sasa kwa msioijua mila yetu, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hatamki jina lake, akimwona anakuja njiani anapisha pembeni mpaka apite. Familia nyingi siku hizi wameacha, ila nyumba ile hawajaacha. Tangu niolewe sijawahi kumwambia baba mkwe hata neno moja. Kwa hiyo maelezo yote nilimpa mume wangu ayafikishe, na habari ya CD za kwaya nilimrudia mpaka akachoka kunisikia, maana watu wa kule nawajua.

Baba mkwe akasimama kanisani, akawaambia waumini kompyuta zetu ni zilezile za mjini, tena za bei nafuu. Wakanunua. Mume wangu alizipeleka mwenyewe, akarudi ananisimulia walivyomshukuru baba yake, "Ndaga fijo, tata." Halafu watu wakakusanyika sebuleni na CD ya kwaya yao, mashine ikagoma. Wanafunzi wakaleta kazi za shule, zikafunguka ovyo. Fundi mmoja wa Kasumulu akawaambia wameuziwa kompyuta ambazo hazijakamilika. Neno hilo likazunguka kijiji kizima. Baba mkwe akazomewa mlangoni mwa kanisa, mtu mzima na mvi zake.

Nilimuuliza mume wangu alimwambia nini baba yake. Hakuona hata haya. "Nilimwambia ni zilezile. Ningeanza habari zako za mfumo huria, nani kule angenunua?" Nikasema basi twende, nizipitie nyumba kwa nyumba niongeze programu, ni kazi ndogo. Akasema baba ameitisha kikao, kwanza kikao.

Wanaume walikaa uwanjani mbele ya nyumba. Mimi nilikuwa jikoni na mama mkwe, katikati yetu na wao ni ukuta tu. Nilijua mume wangu atasema ukweli, ni baba yake yule. Nikamsikia anasema, "Tata, mashine aliziandaa mke wangu. Ndiye aliyesoma, mimi nilimwamini." Nilitaka kupiga kelele. Baba mkwe akapandisha sauti nimsikie: "Mwambieni nangoja ajitetee. Aliyeonewa hakosi mtu wa kumtuma."

Nikamgeukia mama mkwe, ambaye nilishamsimulia yote, nikamwomba aende akanisemee. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Mwanangu, kweli naijua. Lakini yule nimemzaa mimi. Nikamuumbue mbele ya baba yake na wageni?" Sikuwa na mwingine wa kumtuma. Huko nje kunyamaza kwangu kukawa ndilo jibu.

Mume wangu akaweka nakala za wizi kwenye zile mashine, kwaya ikaonekana, akasifiwa kwa kusafisha uchafu wa mkewe. Mimi nikaambiwa nikapumzike kwetu. Baba mkwe akaachia uzee wa kanisa, na kanisani hajakanyaga tena. Sasa anaumwa, miguu imevimba, hatoki kitandani. Mama mkwe amenitumia ujumbe kwamba kila siku mzee anauliza alinikosea nini mpaka nikamfanya awadanganye watu wa Mungu. Nimemwomba amweleze yeye, bado anasema hawezi kumuumbua mwanawe. Naumia, jamani. Sikuwahi kuongea naye, lakini nilimpenda yule mzee.

Nikiingia chumbani kwake nikamweleza kwa mdomo wangu, nitakuwa nimemvunjia heshima ambayo hajavunjiwa maisha yake yote, tena akiwa kitandani. Nisipoingia, atakufa akiniita tapeli, na wanangu watakua wakilijua hilo. Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa Wanyakyusa mnaoielewa mila hii, nishaurini, nifanye nini? Wa kuniambia nimwandikie barua nawaomba mtafute lingine. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na anayemsomea barua ni mume wangu.