Mashua ya Watu Wawili

Nasema kwa kujigamba, na atakayenuna anune: hapa kwetu Manyatta, mimi ndiye mwalimu mstaafu pekee mwenye mashua. Wenzangu walistaafu wakanunua ng'ombe wa gredi. Mimi kila Jumamosi huteremka Mbeere kuvua samaki bwawani kwa raha zangu, ingawa nimelelewa katika nyumba ambamo samaki alihesabiwa kuwa nyoka tu, awe na mapezi asiwe nayo.

Fundi wa pale bwawani alikuwa na mashua mbili za kuuza. Kubwa ilikuwa na injini, paa la turubai na viti vya watu nane. Ndogo ilikuwa ya watu wawili na makasia mawili, basi. Nami kwa kupenda makuu nilikwisha kujiona nimekaa chini ya lile turubai kama gavana.

Mke wangu pia aliitaka kubwa, kwa ajili ya mama yake. Mama mkwe alizaliwa huko huko Mbeere, katika boma lililomezwa na maji bwawa lilipojengwa, pamoja na makaburi ya mama yake mzazi na jamaa zake. Sasa ni mzee sana, na alikuwa ameomba jambo moja tu: afike kwao kabla hajafa.

"Kubwa haifiki huko, mwalimu," fundi akaniambia. "Hiyo side iko na visiki mingi chini ya maji. Propela itavunjika. Hii ndogo ndio inapita."

Tukaitazama ile ndogo. Mbao zake mbili za kukalia zilielekeana, goti kwa goti. Asiye wa kwetu atauliza shida iko wapi. Sisi tuna nthoni, ile heshima ya ukwe: mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake hata harusini, sembuse kugusana naye magoti katikati ya maji. Ningempeleka mimi, tungefika huko tumekufa kwa aibu, yeye na mimi.

"Basi tuchukue kubwa," nikasema. "Ataona kwa mbali."

"Kwa mbali?" mke wangu akanigeukia. "Baba watoto, mama si mtalii. Nunua ndogo. Nitaiendesha mimi."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Huyu ni mwanamke ambaye maji mengi aliyowahi kuingia ni ya beseni. Tuliinunua. Siku ya kwanza alivaa jaketi la kuokolea, akashika makasia, tukazunguka pale pale kama kuku aliyefungwa mguu. Jumamosi ya tatu malengelenge yalimpasuka viganjani, akafunga kitambaa akaendelea. Ya sita nilikaa na mshipi wangu nikavua perege wawili, na kasia sikuligusa.

Hapo ndipo tulipomleta mama. Nilibaki ukingoni, mbali kama inavyostahili, nikamtazama mke wangu akipenya katikati ya visiki bila kugusa hata kimoja. Nilijivunia mke wangu. Mahali fulani aliacha kupiga makasia. Mama mkwe akanyoosha shingo, akaita kwa sauti iliyonifikia mpaka nilipokuwa:

"Hodi! Hodi hapa kwetu!"

Mke wangu aliishika mashua ikatulia, mpaka mama yake akamaliza kuwaamkia watu wake wote, mmoja mmoja.