Mchumba wangu alizianika fuwele juani, nikafukuzwa mimi

Admin, jina langu libaki kwako, na la chuo usiliandike kabisa, maana watu wa kule wanausoma sana huu ukurasa. Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Sola, Maswa. Kwa sasa nipo Bariadi kwa dada yangu, sina kazi.

Nilikuwa fundi kwenye maabara ya fizikia. Tulikuwa tunapima fuwele, vipande vinavyofanana na kioo kinene ila vizito kama jiwe. Chembe ndogo kabisa ikipita ndani yake, fuwele inatoa mwanga kidogo. Wanasayansi wa nje wanazipanga kwa maelfu kwenye mtambo wa kupimia nishati ya chembe hizo. Sisi tulihakikisha kila moja inatoa mwanga unaotakiwa kabla ya kusafirishwa. Sharti kubwa ni kwamba fuwele ikae kwenye boksi la giza siku nzima kabla ya kupimwa. Ikipigwa na jua inabaki inang'aa yenyewe, na kipimo kinadanganya.

Hapo ndipo nilipokutana na mchumba wangu, nimwite Masanja. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi, mpaka namna ya kushika fuwele kwa glovu. Nilimpenda, sitawadanganya. Kwao wakaleta ng'ombe kwa baba, na kwa ng'ombe haohao kaka yangu akaoa Mwandoya. Kwetu ndivyo inavyokwenda, mahari ya dada inamwozesha kaka.

Mwaka huu ikatokea nafasi moja ya kwenda nje kufanya kazi kwenye huo mtambo. Kila mtu alijua ni yangu. Ghafla wenzetu wa nje wakaandika kwamba fuwele za mwisho nilizopima hazilingani na vipimo vyangu. Mkuu wa maabara akatuita wote, akauliza nani alifungua boksi. Nikasema mimi sijafungua. Masanja akainama, akasema, "Mkuu, inaniuma kusema, ila nilimwona akizitoa mchana."

Nikafukuzwa, nafasi akapewa yeye. Baadaye akanililia kwamba labda aliona vibaya, nikamsamehe. Mjinga mimi!

Nimekaa hapa wiki mbili, dada akaniambia, "Mdogo wangu, kumbe kazi yenu ilikuwa nzuri hivi. Shemeji alinitumia video ya vile vioo." Nikaomba simu. Ni fuwele zangu, namba zake zinasomeka, zimepangwa dirishani kwenye jua kali, na Masanja anasikika akicheka, "Shemeji, ona almasi zetu!" Tarehe ni siku moja kabla sijazipima.

Nikampigia. Hakukataa hata kidogo. "Ilikuwa bahati mbaya, nilitaka kumfurahisha dada yako tu. Ningesema ukweli ningefukuzwa mimi. Mwanaume akikosa kazi, nyumba inasimamaje? Nikienda mimi, tumekwenda wote."

Tumekwenda wote! Mimi naosha vyombo vya watu hapa Bariadi.

Nimemwambia baba nataka kuipeleka video kwa mkuu na uchumba ufe. Akasema, "Ng'wanone, mwanangu, ng'ombe wa watu tutawatoa wapi? Mke wa kaka yako ana mimba ya miezi saba. Hivyo si vioo tu?" Kwake ni vioo. Kwangu ni miaka yote niliyosoma, na jina langu limechafuka.

Masanja anaondoka Ijumaa. Jana alinipigia kwa sauti ileile ya mapenzi, akaniomba nimtumie daftari langu la vipimo, eti huko atatakiwa kuonyesha tunavyopima na yeye hakumbuki vizuri. Nililia mpaka dada akaja kuniuliza nani kafa.

Ndugu zangu, hasa Wasukuma wenzangu mnaojua ng'ombe wakirudishwa nyumba ya kaka inakuwaje, nishaurini. Ijumaa si mbali. Nimtumie mkuu video, au nimtumie Masanja daftari?